Filamu za dawa za kulevya za zama za draivuini

Filamu za dawa za kulevya za zama za draivuini ni filamu za bajeti ndogo zilizotengenezwa nchini Marekani kuanzia miaka ya 1930 hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, ambazo visa vyake vinahusu matumizi, biashara na uhalifu wa bangi, heroini, kokeini au LSD. Nyingi zilitengenezwa na kampuni ndogo zilizokuwa nje ya studio kubwa za Hollywood. Zilionyeshwa katika kumbi huru za mijini na, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, katika draivuini, yaani viwanja vya sinema vya wazi ambamo watazamaji hukaa ndani ya magari yao.

Filamu hizi ni tawi la kundi kubwa zaidi linaloitwa filamu za unyonyaji. Neno "unyonyaji" hapa halihusu mwajiri anayemnyonya mfanyakazi. Maana yake ni kuchukua jambo linalokatazwa, au linalozungumzwa sana na watu, na kulikamua ili liuze tiketi. Mtayarishaji wa filamu ya namna hii hakuwa na fedha za kuwalipa nyota wakubwa wala kujenga mandhari ya gharama. Mtaji wake ulikuwa mada yenyewe.

Kwa muda mrefu filamu hizi ziliunganishwa na jambo moja: onyo. Karibu kila moja ilijitambulisha kama somo la kuwaokoa vijana, huku bango lake likiahidi kuonyesha kile kile ilichodai kukikemea. Mvutano huo kati ya onyo na biashara ndio ulioamua jinsi filamu zilivyotengenezwa, zilivyokaguliwa na zilivyopingwa.

## Chanzo: marufuku ya studio kubwa

Mwaka 1930 chama cha studio kubwa za Marekani kilipitisha Kanuni za Utayarishaji, ambazo hujulikana zaidi kama Kanuni za Hays kutokana na jina la Will H. Hays, aliyekuwa rais wa chama hicho. Kuanzia Julai 1934 kanuni hizo zilisimamiwa kwa ukali na ofisi iliyoongozwa na Joseph Breen. Filamu isiyokuwa na muhuri wa ofisi hiyo haikuweza kuingia katika kumbi zilizomilikiwa na studio kubwa, na kumbi hizo ndizo zilizokuwa bora mijini. Miongoni mwa mambo yaliyokatazwa ni kuonyesha biashara haramu ya dawa za kulevya.

Marufuku hiyo iliacha pengo. Habari za bangi na heroini ziliandikwa magazetini, lakini hazikuonekana katika filamu za kawaida. Watayarishaji wadogo hawakuwa wanachama wa chama cha studio, hivyo hawakufungwa na kanuni zake. Walichopaswa kuogopa ni bodi za ukaguzi za majimbo na miji, ambazo kila moja ilikuwa na masharti yake, pamoja na polisi wa mahali walipoonyesha filamu.

Kwa sababu hiyo onyo lilikuwa na kazi mbili. Kwa mkaguzi, lilikuwa hoja kwamba filamu ni elimu kwa umma na haipaswi kuzuiwa. Kwa mnunuzi wa tiketi, lilikuwa ishara kwamba ndani kuna jambo ambalo ukumbi wa jirani hauwezi kulionyesha.

## Wafanyabiashara wa barabarani

Katika miaka ya 1930 na 1940 filamu hizi zilisambazwa na wafanyabiashara waliosafiri nazo mji kwa mji. Mara nyingi walikodi ukumbi mzima kwa siku chache, wakalipa kodi ya ukumbi na kubaki na mapato ya mlangoni. Walipamba mbele ya ukumbi kwa mabango makubwa, wakati mwingine wakaonyesha sindano, mabomba ya kuvutia afyuni na vifaa vingine kana kwamba ni maonyesho ya elimu. Filamu nyingi zilianza kwa maandishi marefu yaliyoeleza kwamba lengo ni kuwafumbua macho wazazi.

Baadhi ya filamu zilikuwa na nakala mbili. Nakala "baridi" iliondolewa sehemu zenye utata na ilitumika katika miji yenye ukaguzi mkali. Nakala "moto" ilionyeshwa mahali ambapo hapakuwa na kizuizi. Jina la filamu nalo lilibadilishwa mara kwa mara, ili ile ile iweze kurudi katika mji ule ule kama filamu mpya.

Mmoja wa watu waliojulikana sana katika biashara hiyo alikuwa Dwain Esper. Aliongoza *Narcotic* (1933) na *Marihuana* (1936), akisaidiwa na mke wake Hildegarde Stadie aliyeandika hadithi. Katika *Marihuana*, msichana aitwaye Burma anavuta bangi kwenye sherehe ya ufukweni ambako mwenzake anakufa maji. Kuanzia hapo anapata mimba, mpenzi wake anauawa, mtoto wake anachukuliwa na watu wengine, na yeye mwenyewe anageuka kuwa muuza dawa. Mfululizo huu wa maafa, ambamo kosa moja la usiku mmoja linafuatwa na adhabu zisizokwisha, ukawa kiolezo cha filamu nyingi zilizofuata.

Filamu mashuhuri zaidi ya kipindi hicho ni *Reefer Madness* ya mwaka 1936, iliyoongozwa na Louis Gasnier, Mfaransa aliyekuwa ameshiriki kuongoza mfululizo maarufu wa filamu bubu *The Perils of Pauline* (1914). Jina lake la kwanza lilikuwa *Tell Your Children*. Inaanza na mkuu wa shule akiwahutubia wazazi kuhusu hatari ya bangi. Kisha inaonyesha wanafunzi wanaovutwa kwenye nyumba ya wauza bangi, na matokeo yake ni ajali ya gari, mauaji, kijana anayeshitakiwa kwa kosa asilolifanya, mwanamke anayejirusha dirishani na mwanamume anayepatwa na wazimu. Baadaye Esper alipata haki za kuisambaza.

Filamu hizi zilitoka wakati Harry Anslinger, mkuu wa idara ya shirikisho ya dawa za kulevya tangu mwaka 1930, alipokuwa akiendesha kampeni ya kuihusisha bangi na mauaji pamoja na wazimu. Mwaka 1937 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Kodi ya Bangi, ambayo kwa vitendo iliifanya bangi kuwa haramu nchini kote. Watayarishaji walichota visa vyao katika hofu ile ile iliyokuwa magazetini. Athari zilizoonyeshwa, kama vile mtu kuua au kurukwa na akili baada ya misokoto michache, zilitiwa chumvi kupita kiasi.

## Draivuini

Draivuini ya kwanza yenye hataza ilifunguliwa tarehe 6 Juni 1933 karibu na mji wa Camden, jimbo la New Jersey, na Richard Hollingshead. Ubunifu wake ulikuwa kupanga maegesho kwa safu zenye miinuko, ili gari la mbele lisimzuie mtu wa nyuma kuona kitambaa. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu. Mwaka 1949 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliibatilisha hataza hiyo, hivyo mtu yeyote mwenye kiwanja aliweza kujenga draivuini bila kulipa ada.

Baada ya vita mambo kadhaa yaliisaidia biashara hiyo. Familia nyingi zilinunua magari na kuhamia vitongoji vya mbali na kumbi za katikati ya mji. Vipaza sauti vidogo vya kuning'iniza kwenye dirisha la gari vilianza kutumika. Kufikia mwaka 1958 nchi hiyo ilikuwa na draivuini zaidi ya 4,000.

Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi dhidi ya Paramount na studio nyingine, iliyosababisha studio kuuza kumbi zao. Wenye kumbi walipata uhuru zaidi wa kuchagua filamu. Hata hivyo, draivuini mara nyingi hazikupewa filamu mpya za studio kubwa hadi zilipokwisha kuonyeshwa katika kumbi za ndani. Wamiliki wake walihitaji filamu za bei nafuu, na walihitaji mbili kwa usiku mmoja. Mapato makubwa yalitoka pia kwenye kibanda cha vyakula, hivyo ubora wa filamu haukuwa jambo la kwanza. Kijana mwenye gari, aliyetaka kuwa mbali na macho ya wazazi, akawa mteja muhimu.

Draivuini zilienea pia nje ya Marekani. Katika Afrika Mashariki, Nairobi ilikuwa na Fox kwenye barabara ya Thika na Belle Vue kwenye barabara ya Mombasa. Dar es Salaam ilikuwa na draivuini yake upande wa Msasani, na eneo hilo baadaye likajengwa ubalozi wa Marekani.

## Kesi ya Lila Leeds

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba 1948, mwigizaji Robert Mitchum alikamatwa kwa kosa la bangi katika nyumba ya mwigizaji chipukizi Lila Leeds mjini Los Angeles. Wote wawili walihukumiwa kifungo. Mitchum alikuwa na mkataba na studio kubwa, na baada ya kutoka jela aliendelea kuwa nyota. Mwaka 1951 hukumu yake ilifutwa.

Leeds hakuwa na ulinzi huo. Kazi aliyoipata ilikuwa kuigiza katika filamu kuhusu bangi iliyotumia sifa mbaya ya kesi yake. Filamu hiyo ya mwaka 1949, iliyoongozwa na Sam Newfield, ilitoka kwanza kwa jina la *Wild Weed*. Kisha ilichukuliwa na msambazaji Kroger Babb, ambaye aliiuza upya kwa jina la *She Shoulda Said No!* na kuyapa matangazo yake sura ya kampeni ya kuwalinda vijana. Baada ya hapo Leeds hakurudi tena katika filamu kubwa.

Kesi hii inaonyesha upande wa pili wa neno unyonyaji. Kilichouzwa hakikuwa mada ya bangi peke yake, bali pia aibu ya mwanamke aliyekuwa bado na umri wa miaka ishirini, kwa kisingizio cha kuwaonya wengine wasifanye kama yeye.

## Kulegea kwa kanuni

Mwaka 1952 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Burstyn dhidi ya Wilson, kwamba filamu zinalindwa na uhuru wa kujieleza uliomo katika Katiba. Uamuzi huo ulianza kudhoofisha bodi za ukaguzi.

Mwaka 1955 mwongozaji Otto Preminger alitoa *The Man with the Golden Arm*, ambamo Frank Sinatra anaigiza mraibu wa heroini. Filamu ilinyimwa muhuri, lakini kampuni ya United Artists iliisambaza bila muhuri huo na ikafanikiwa. Sinatra aliteuliwa kuwania Tuzo ya Academy. Mnamo Desemba 1956 kanuni zilirekebishwa, na dawa za kulevya zikaruhusiwa kuonyeshwa kwa masharti.

Kwa watayarishaji wadogo mabadiliko hayo yalikuwa na faida na hasara. Walipata uhuru zaidi, lakini mada iliyokuwa yao peke yao sasa ilikuwa mikononi mwa studio kubwa pia. Ili kuendelea kuuza walilazimika kwenda mbali zaidi, au kumlenga mtazamaji ambaye studio kubwa zilimpuuza.

## Filamu za vijana

Mtazamaji huyo alikuwa kijana. Mwaka 1954 James H. Nicholson na Samuel Z. Arkoff walianzisha kampuni iliyokuja kuitwa American International Pictures (AIP). Kampuni hiyo ilitengeneza filamu kwa ajili ya maonyesho ya mbili kwa tiketi moja, na ikawa msambazaji mkubwa wa draivuini. Ilisifika kwa kufanya kazi kinyume na desturi: mara nyingi jina na bango vilibuniwa kwanza na kuonyeshwa kwa wenye kumbi, kisha hadithi ikaandikwa kufuatana navyo.

Filamu mbili za mwaka 1958 zinatajwa sana katika kipindi hiki. *The Cool and the Crazy* ya AIP ilipigwa mjini Kansas City na inahusu kijana anayewauzia bangi wanafunzi wenzake. *High School Confidential!*, iliyotayarishwa na Albert Zugsmith na kuongozwa na Jack Arnold, ilisambazwa na studio kubwa ya MGM lakini ilifuata mbinu zile zile. Russ Tamblyn anaonekana kama mwanafunzi mtukutu mgeni, kumbe ni askari kanzu anayewasaka wauza dawa shuleni. Mwanamuziki Jerry Lee Lewis anapiga piano juu ya lori mwanzoni mwa filamu.

Katika filamu hizi onyo lilibaki, lakini lilizungukwa na muziki wa rock and roll, magari ya kasi na lugha ya mitaani. Wahusika walio hatarini walikuwa kwa kawaida vijana weupe wa tabaka la kati. Hatari ilionyeshwa kama kitu kinachoingia kutoka nje ya mtaa wao, na mwishoni mwa hadithi polisi waliiondoa.

## LSD na mwisho wa kanuni

Mwaka 1967 AIP ilitoa *The Trip*, iliyoongozwa na Roger Corman kutokana na hati iliyoandikwa na Jack Nicholson. Peter Fonda anaigiza mwongozaji wa matangazo ya televisheni anayetumia LSD kwa mara ya kwanza wakati ndoa yake inavunjika. Corman aliwahi kuijaribu dawa hiyo mwenyewe kabla ya kuanza kupiga filamu, na hakutaka filamu yake iwe mahubiri ya kuikataza wala kuisifu.

Kampuni haikukubaliana naye. Iliongeza onyo mwanzoni mwa filamu, na katika picha ya mwisho ikaweka ufa kama wa kioo kilichovunjika juu ya uso wa Fonda, ili ionekane kwamba maisha yake yameharibika. Corman alilalamikia mabadiliko hayo. Hata hivyo, nchini Uingereza filamu ilinyimwa cheti cha kuonyeshwa kwa miongo kadhaa.

Mnamo Novemba 1968 Kanuni za Utayarishaji ziliondolewa na kuwekwa mfumo wa madaraja ya umri. Mwaka uliofuata Dennis Hopper na Peter Fonda, ambao wote wawili walicheza katika *The Trip*, walitoa *Easy Rider*. Filamu hiyo inaanza na vijana wawili wanaouza kokeini na kutumia fedha hizo kusafiri kwa pikipiki. Iligharimu takriban dola 400,000 na kuingiza makumi ya mamilioni. Mafanikio hayo yalizifundisha studio kubwa kwamba mbinu za draivuini zinaweza kuleta faida katika soko lote.

## Miaka ya 1970: heroini, kokeini na blaxploitation

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 heroini ilikuwa imeenea katika miji mikubwa ya Marekani, na mwaka 1971 Rais Richard Nixon alitangaza matumizi mabaya ya dawa kuwa adui wa kwanza wa taifa. Wakati huo huo zilitokea filamu za blaxploitation, ambazo wahusika wakuu wake ni Wamarekani Weusi na zililenga kwanza watazamaji Weusi wa mijini. Nyingi kati yake zilihusu biashara ya unga.

*Super Fly* (1972) iliongozwa na Gordon Parks, Jr. kwa bajeti ya chini ya dola 500,000, sehemu yake ikitoka kwa wawekezaji Weusi. Ron O'Neal anaigiza Youngblood Priest, muuza kokeini wa Harlem anayetaka kufanya biashara moja ya mwisho kisha aache. Adui yake mkubwa anageuka kuwa afisa wa juu wa polisi anayenufaika na biashara hiyo. Mwishoni Priest anawashinda polisi na kuondoka na fedha zake. Chini ya Kanuni za Hays mwisho wa namna hiyo usingewezekana, kwa kuwa mhalifu alipaswa kuadhibiwa.

Muziki wa filamu ulitungwa na Curtis Mayfield, na albamu yake ilifika nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard. Mayfield aliona kwamba filamu ilikaribia kuwa tangazo la kokeini, hivyo akatunga nyimbo zilizosimulia gharama ya biashara hiyo kwa watu wa mtaani. Kwa namna hiyo onyo ambalo halikuwemo katika hadithi liliingia kupitia muziki.

*Coffy* (1973), iliyoandikwa na kuongozwa na Jack Hill kwa ajili ya AIP, ilichukua mwelekeo tofauti. Pam Grier anaigiza muuguzi ambaye mdogo wake wa kike ameharibiwa na heroini. Anaanza kulipiza kisasi kwa wauzaji wa mtaani, kisha anagundua kwamba nyuma yao wako polisi wala rushwa na mwanasiasa ambaye ni mpenzi wake mwenyewe. Filamu ilipigwa kwa siku 18. AIP iliiharakisha ili iitangulie *Cleopatra Jones* ya Warner Bros., ambamo Tamara Dobson anaigiza wakala wa serikali anayesimamia uchomaji wa mashamba ya mipopi ya afyuni nchini Uturuki. *Foxy Brown* (1974), pia ya Hill na Grier, ilikusudiwa awali kuwa mwendelezo wa *Coffy*.

Filamu hizi zilibadilisha swali. Zile za zamani ziliuliza kijana amepoteaje. Hizi ziliuliza nani anafaidika. Jibu lao, kwamba dawa haziwezi kufika mtaani bila ulinzi wa wenye mamlaka, lilikuwa karibu zaidi na maisha ya watazamaji wake kuliko hotuba za wakuu wa shule katika filamu za 1936.

## Utengenezaji

Filamu za aina hii zilipigwa kwa muda mfupi, mara nyingi kati ya wiki moja na tatu. Njia za kupunguza gharama zilikuwa pamoja na:

* kupiga picha mitaani na katika nyumba halisi badala ya kujenga mandhari;
* kutumia waigizaji wasiojulikana, wanaoanza kazi au waliopitwa na umaarufu;
* kurudia kutumia vipande vya filamu nyingine;
* kurekodi matukio marefu kwa kamera moja bila kurudia mara nyingi;
* kutumia sehemu kubwa ya fedha kwenye mabango na matangazo ya redio.

Uhaba huo ulikuwa na faida isiyotarajiwa. Kwa kuwa zilipigwa mahali halisi, baadhi ya filamu za miaka ya 1970 zimehifadhi sura ya mitaa, maduka na mavazi ya wakati huo kuliko filamu za gharama kubwa. Pia ziliwapa nafasi waigizaji na waongozaji ambao milango ya studio ilikuwa imefungwa kwao.

## Upinzani

Upinzani wa mwanzo ulitoka kwa makanisa, bodi za ukaguzi na studio kubwa, waliosema kwamba onyo ni kisingizio tu. Katika miaka ya 1970 upinzani ulitoka kwa viongozi wa Wamarekani Weusi. Junius Griffin, kiongozi wa tawi la NAACP la Beverly Hills na Hollywood, anahesabiwa kuwa ndiye aliyebuni neno blaxploitation. Mwaka 1972 NAACP, SCLC na CORE ziliungana kupinga filamu hizo. Hoja yao ilikuwa kwamba zinawapa vijana Weusi mfano wa muuza dawa kuwa shujaa, wakati mapato makubwa yanaenda kwa kampuni za watu weupe.

Waigizaji na wasanii wengi walikataa hoja hiyo au walikubali sehemu yake tu. Walisema kwamba filamu hizo ziliwapa kazi, na kwamba watazamaji walikuwa wakimwona kwa mara ya kwanza mtu Mweusi anayeshinda mwishoni mwa hadithi.

Lawama nyingine inahusu ukweli. Filamu za miaka ya 1930 zilieleza athari za bangi kwa namna ambayo mtu aliyewahi kumwona mvutaji angejua kuwa si kweli. Onyo lililotiwa chumvi hivyo lilipoteza imani ya vijana, hata pale lilipogusa hatari za kweli. Aidha, mraibu katika filamu nyingi alikuwa mhalifu au mwendawazimu, mara chache mgonjwa anayehitaji tiba.

## Kufifia

Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 mazingira yaliyozaa filamu hizi yalikuwa yakitoweka. Bei ya ardhi pembezoni mwa miji ilipanda, na viwanja vingi vya draivuini viliuzwa kwa ajili ya maduka na nyumba. Baada ya mafanikio ya *Jaws* (1975) na *Star Wars* (1977), studio kubwa zilianza kutengeneza kwa bajeti kubwa hadithi za aina iliyokuwa ya kampuni ndogo. Mwaka 1979 AIP iliunganishwa na kampuni ya Filmways na jina lake likaachwa. Kanda za video zikamwezesha mtu kutazama filamu ya namna hii nyumbani.

## Urithi

*Reefer Madness* ilipata maisha ya pili. Mwaka 1972 Keith Stroup, mwanzilishi wa shirika la NORML linalotetea kuhalalishwa kwa bangi, aliikuta katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwa kuwa haikulindwa na hakimiliki, alinunua nakala kwa dola 297 na kuionyesha vyuoni ili kuchangisha fedha. Wanafunzi waliitazama kama kichekesho. Filamu iliyotengenezwa kuwatisha wazazi ikawa chombo cha kupinga sheria dhidi ya bangi. Baadaye ilitungiwa tamthilia ya muziki, ambayo mwaka 2005 ilifanywa filamu ya televisheni.

Quentin Tarantino alimpa Pam Grier nafasi kuu katika *Jackie Brown* (1997), akikumbusha filamu zake za miaka ya 1970. Mwaka 2007 yeye na Robert Rodriguez walitoa *Grindhouse*, filamu mbili kwa tiketi moja kwa mtindo wa zamani. *Super Fly* ilitengenezwa upya mwaka 2018.

## Baadhi ya filamu

* *Narcotic* (1933)
* *Marihuana* (1936)
* *Reefer Madness* (1936)
* *Assassin of Youth* (1937)
* *She Shoulda Said No!* (1949)
* *The Cool and the Crazy* (1958)
* *High School Confidential!* (1958)
* *The Trip* (1967)
* *Psych-Out* (1968)
* *Super Fly* (1972)
* *Coffy* (1973)
* *Cleopatra Jones* (1973)
* *Foxy Brown* (1974)